Machungwa ya Muheza Yanaongoza Ligi, na Mimi Nimeomba Radhi

Jumatatu, katikati ya Julai. Märsta, huku ughaibuni. Manyunyu tangu asubuhi, digrii kumi na nne, na kila mwenye akili zake ameshaondoka likizo. Mimi leo sina zamu. Nimeamka, nimekunywa chai, nimekaa. Ukiniuliza najisikiaje, nitakwambia sijisikii. Si vibaya, si vizuri.

Nina kazi moja tu: kuandika taarifa ya nusu msimu ya ligi yetu. Nimeifungua mara nne na mara nne nimeifunga. Basi naandika hapa kwanza, ambako hakuna anayenisubiri.

Kwa anayepita bila kujua: sisi ni watu wanne tunaocheza besiboli bila kuugusa mpira. Kila mmoja ana timu yake kwenye simu, ya wachezaji halisi wa kule Amerika. Wao wakicheza vizuri, sisi tunapata pointi. Mwaka wa tatu huu. Aliyetuambukiza ugonjwa huo ni Kato, Mganda, anayeapa kwamba alikuwa mrushaji hodari wa shule yao, na sasa anaendesha foklifti kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Mimi nasafisha ndege. Tulijuana kwenye basi la alfajiri, akanieleza besiboli kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho, na nilikubali kujiunga ili anyamaze.

Hakunyamaza.

Wengine ni Wanjiru, Mkenya, anayehudumia wazee na anakaa Hallunda, na Didier wa Bukavu, fundi wa lifti, yuko Rinkeby. Wanjiru huchagua wachezaji kwa takwimu, ana daftari lake kabisa. Didier anachagua kwa ndevu. Simtanii. Anasema mwanaume mwenye ndevu zilizotunzwa hawezi kuwa mvivu. Kato mwenyewe, mwalimu wetu sote, anashika mkia kwa mwaka wa pili, kwa sababu kila akifungwa anabadilisha nusu ya timu kwa hasira.

Na anayeongoza ni mimi. Machungwa ya Muheza, ndiyo timu yangu. Jana Kato aliniuliza siri yangu ni nini. Nikacheka ile ya puani. Siri ni kwamba tangu Juni sijali. Sibadilishi mtu, sigombani na mtu, mchezaji akikosea mara kumi namwacha hapo hapo. Kumbe besiboli inataka mtu wa namna hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nazunguka.

Ligi yetu ina sheria moja ya Kato. Ukiitelekeza timu yako siku saba mfululizo bila udhuru, unapigwa adhabu: nusu msimu ikifika unawapikia wote nyumbani kwako, halafu unasimama na kusoma tamko la kuomba radhi. Tamko analiandika yeye, kwa Kiswahili cha mahakamani. Udhuru unaokubalika ni ugonjwa, uzazi au msiba. Unausema tu, hakuna anayekudai ushahidi. Mwaka jana alisoma Didier, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Mwaka huu nimesoma mimi. Mwanzoni mwa Juni niliiacha timu siku saba, nikaulizwa udhuru, nikasema sina.

Mama yangu alifariki Jumatano ya wiki hiyo.

Haya, nimeandika. Sikuandika popote kabla ya hapa.

Kaka Shabani alinipigia nikiwa ndani ya ndege, safu ya kumi na nane, mkononi nina mfuko wa takataka. "Mwanahawa, mama katutoka." Nikauliza lini. Alfajiri. Nikauliza mnazika lini. Alasiri leo leo. Hata ningepanda ndege ile ile niliyokuwa naisafisha, nisingewahi. Nikamwambia sawa. Nilisema sawa! Kisha nikaendelea na safu ya kumi na tisa, ya ishirini, mpaka nyuma kabisa. Kwenye mfuko mmoja wa kiti nilikuta soksi ya mtoto, nikaikabidhi kwa msimamizi wa vitu vilivyopotea. Akanishukuru, nikamwambia karibu.

Nilidhani nitawaambia jioni. Jioni nikaona nitawaambia kesho. Ijumaa Kato akaandika kwenye kundi, "Machungwa yameoza? Nyabo, amka!" (nyabo kwao ni bibie), na Wanjiru akaweka vikaragosi vya kucheka. Nitaingiaje hapo na maiti? Baada ya wiki ndiyo ikawa ngumu zaidi. Habari ya msiba ina wakati wake. Ukiichelewesha inageuka kama aibu, kama kosa ulilofanya wewe. Watu watakuuliza kwa nini hukusema, na huna jibu.

Ila jibu ninalo, ni baya tu.

Jumamosi kabla ya ile Jumatano, mama alinipigia. Alikuwa mzima, presha yake ile ile ya siku zote. Nikaweka sauti ya nje, simu mezani, na kwenye simu hiyo hiyo, huku yeye anaongea, mimi nilikuwa napanga timu. Mrushaji wangu mmoja alikuwa ameumia kiwiko. Nikawa nasema "eeh mama", "ndiyo mama", "inshallah mama". Dakika ishirini na kitu. Namkumbuka mrushaji niliyemtoa na niliyemwingiza, na pointi alizoniletea Jumapili yake. Alichosema mama sikumbuki. Nimejaribu kila namna. Lilikuwepo jambo la paa, lilikuwepo jambo la binti wa jirani, na mwishoni aliniuliza kitu, maana alisubiri. Nikajibu "inshallah". Sijui nilikubali nini.

Ningewaambia wenzangu, wangeniuliza mlizungumza lini mara ya mwisho, mlizungumza nini. Kwetu ndiyo maswali yenyewe. Kwa hiyo nilinyamaza.

Lakini jana. Jana ndiyo inayonishinda.

Kato ndiye aliyepanga siku. Jumapili, anasema, kwa sababu wachezaji wanapumzika wiki hii na kila mtu ana nafasi. Nikahesabu kwa vidole nikiwa kwenye treni. Nikahesabu tena. Ilikuwa arobaini ya mama. Kule Tanga Shabani na dada zangu walikuwa wanasoma khitma, na mimi huku nilitakiwa kupika adhabu.

Ningeweza kusema hapana. Nilisema sawa. Naona neno hilo limenizoea.

Nikapika pilau. Si pilau ya watu wanne. Nilipika kama ninavyojua arobaini inapikwa, kilo tatu za mchele, nyama, viazi, kachumbari pembeni. Nikaweka tende kwenye sahani. Nikafukiza ubani. Nikasoma Fatiha peke yangu mbele ya jiko, nimefunga kanga niliyopewa na yeye, kisha nikaivua kanga, nikavaa jinzi, kengele ikalia.

Didier aliingia akavuta pumzi. "Non! Hii nyumba inanukia sawa kanisa." Wanjiru akafunua sufuria. "Aki Mwana, umealika mtaa mzima?" Nikawaambia nimekosea kipimo. Wakala. Wakala vizuri sana, Didier aliongeza mara tatu akisema iko muzuri, iko muzuri. Nilimwangalia anavyokula na nikafikiri, hii ni sadaka ya mama, Zuhura binti Athumani, na huyu anayeila hajui amuombee nani.

Halafu Kato akatoa karatasi. Ameichapa kabisa, na muhuri aliouchora kwa kalamu. Akataka nipige magoti kama wanawake wa kwao wanavyosalimia. Wanjiru akamwambia ajaribu aone. Nikasimama nikasoma.

"Mimi, Mwanahawa, mmiliki wa Machungwa ya Muheza, nakiri mbele ya baraza hili kwamba niliitelekeza timu yangu siku saba, bila sababu yoyote ya maana."

Sikukwama. Nilisoma kwa sauti nzuri, na nikaweka mkazo pale pale alipotaka niweke. Bila sababu yoyote ya maana. Wakapiga makofi. Wanjiru alikuwa anarekodi. Nami nikainama kidogo kama msanii, nikaenda kuleta chai.

Ningependa kuandika kwamba kifua kilinibana. Hakikubana. Nilimimina vikombe vinne, vyote sawasawa.

Walipoondoka waligawana kilichobaki kwenye makopo ya aiskrimu, nikaosha sufuria. Shabani alikuwa ametuma sauti ya khitma, dakika kumi na moja. Sijaifungua.

Hiyo ndiyo jana.

Leo nimeanza taarifa ya nusu msimu. Nafasi ya kwanza, Machungwa ya Muheza. Ya pili, Chai ya Limuru, ya Wanjiru, mwenye kelele za takwimu. Ya tatu, Lengalenga, yaani mchicha kwa lugha ya kwao, ya Didier na wenye ndevu wake. Ya nne, Kato, tumwombee. Halafu kuna sehemu ya adhabu, na Kato ameshaniwekea maneno yake tayari: "Baraza limepokea radhi ya Mwanahawa, aliyetoweka bila sababu yoyote ya maana." Natakiwa kubonyeza tu, iingie kwenye kumbukumbu za ligi, ikae hapo miaka yote.

Kidole kimekataa. Sina neno jingine la kusema. Mwili mzima umekuwa unasema sawa tangu Juni, na leo kidole kimoja kimekataa.

Kwetu mfiwa hapiki. Jirani ndiye anayewasha jiko, mfiwa anakaa chini, watu wanakuja. Mimi nimejipikia arobaini mwenyewe, nimewalisha marafiki zangu, kisha nikawaomba radhi kwa kufiwa. Na wao, masikini, nimewanyima hata nafasi ya kuwa watu wazima. Wanjiru anakesha na wazee wasio wake. Unafikiri angenicheka?

Nikafuta sentensi ya Kato. Nikaandika hivi: "Wiki ile niliiacha timu kwa sababu mama yangu alifariki. Aliitwa Zuhura. Nilikuwa na udhuru nikasema sina. Pilau mliyokula jana ni ya arobaini yake. Hamkujua, na kosa si lenu. Mwenye kuomba dua yake amwombee." Nikaituma kabla sijaisoma mara ya pili.

Wanjiru amepiga mara tatu, sijapokea. Didier ameandika "Mungu wangu," basi, halafu mstari mrefu wa Kifaransa, halafu akaufuta. Kato huwa hamalizi dakika bila kutuma kitu. Niliona anaandika, anaacha, anaandika, anaacha. Nikaenda bafuni kuanua nguo. Niliporudi kulikuwa na ujumbe wake mmoja.

"Tuko njiani sote watatu, Wanjiru amebeba chakula. Usipike kitu. Usioshe hata kikombe. Kaa tu chini."

Nimekaa chini. Nimeegemea kabati, naandika hapa.

Bado sijalia, na sikuahidi mtu kwamba nitalia. Watauliza tulizungumza nini mara ya mwisho, na nitawaambia ukweli, kwamba nilikuwa napanga timu. Hilo nimeshaamua. Linalonitisha ni dogo kuliko hilo. Wakifika mlangoni wataniambia pole, na mtu akipewa pole ya msiba hujibu nimeshapoa. Kila mtu anajua, hata mtoto.

Nitasemaje nimeshapoa, na mimi hata sijaanza?