Kitabu Kisicho na Jalada

Jumamosi, 15 Februari 1997

Mvua tangu alfajiri. Nilidhani leo hatukutani — tumekutana! Dukani kwa Marcelina, Mwanga, cherehani zimefunikwa, chai ya tangawizi. Sheria ile ile: kila mtu aseme anasoma kitabu gani, kisha atuambie tukisome au tukiache.

Theophil wa bandarini ana riwaya ya upelelezi nene kama tofali. Anasema maiti ya kwanza inaonekana ukurasa wa pili. Kwake hiyo ni sifa! Marcelina bado yuko na kile cha nahodha mzee wa ziwani. Anasoma kama anavyoshona: mshono mmoja, anakagua, ndipo mwingine. Mimi nikakipigia debe kile cha mwalimu wa kike aliyepelekwa kituo cha mbali. Nimekirudia tangu nihamishiwe huku kutoka Bukoba. Theophil akasema napenda vitabu vya kunililia. Labda. Mtu anayegawa dawa hospitalini kutwa nzima naye anahitaji wa kumlilia.

Wakati tunabishana, mteja kaingia na sketi ya kupunguzwa kiuno. Mwembamba, kilemba safi. Alisimama akatusikiliza mpaka tukaona aibu. Kisha: samahani, na mgeni anaweza kusema anachosoma?

Anaitwa Honorata. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Rumonge, Burundi. Vita vimemleta kwa boti, amepanga chumba mtaa wa Katubuka. Akafungua mkoba, akatoa kitu kimeviringishwa kwenye nailoni — kitabu! Hakina jalada, hakina kurasa za mwanzo. Cha Kifaransa. Hajui jina lake wala aliyekiandika.

"Nakisoma mara ya nne," akasema.

Theophil: kwa nini, kwani unasahau?

"Hapana, kaka. Huyu mwanamke wa humu ndani haombi ruhusa. Nataka nijifunze."

Ni mjane anayepika sabuni ya mawese. Shemeji zake wanataka kumtoa kwenye nyumba aliyoachiwa. Hana wakili. Anakwenda mahakamani mwenyewe, mikono inanuka mafuta.

Marcelina ameweka mkasi chini.


Jumatatu, 17 Februari

Kazini nimehesabu vidonge vibaya, nikarudia. Namfikiria mpika sabuni. Kifaransa sijui hata neno! Nimemwomba Honorata atusomee kwa Kiswahili Jumamosi. Alicheka, meno yote nje. Kumbe alikuwa anangoja aombwe.


Jumamosi, 22 Februari

Sijui nianzie wapi.

Alisoma akiwa amesimama, kama yuko darasani. Jicho linapita kwenye Kifaransa, mdomo unatoa Kiswahili. Akikwama anakimbilia Kirundi — hapo Marcelina, Muha wa Simbo, anadaka kwa sababu lugha zao ni ndugu, anatuletea kwa Kiswahili. Wawili hao kama wanapokezana mzigo njiani! Mara wanagombana juu ya neno moja, Theophil anapiga kelele: endeleeni, mama anaungua huko!

Ni pale mjane anapopika usiku kucha ili apate nauli ya kwenda kortini, sabuni inafurika sufuria, inamwagika motoni. Shemeji mkubwa amesimama mlangoni anaangalia tu. Mjane hamtazami. Anachota upya, anaanza upya. Basi. Hakuna aliyelia kwenye kitabu, ila mimi nililia.

Theophil alikuwa na mpira wa kuangalia saa kumi. Alisahau.

Baadaye, tukiosha vikombe, Marcelina akaniambia shemeji zake walikuja kutaka cherehani hata tanga la mumewe halijaanuliwa. Miaka yote tumekutana pale na sikujua. "Mimi nilinyamaza tu, wakachoka kuninunia," akasema. "Huyu wa kitabu anasema. Nampenda kwa hilo."

Wala si mwandishi peke yake wa kusifiwa. Nimesikia watu wengi wakisoma kwa sauti, mapadre, mahakimu, watangazaji wa redio. Sijasikia aliyesoma kama Honorata. Hajionyeshi. Anajiweka pembeni ili umwone mjane.


Jumatano, 26 Februari

Gari la kipaza sauti limepita sokoni Mwanga. Wakimbizi wote wanaoishi mjini wajitokeze, wapelekwe kambini Kasulu. Malori wiki ijayo. Atakayepatikana mtaani baada ya hapo, yeye na aliyemficha watajibu.

Nimepitia Katubuka jioni. Honorata anafua. "Nimesikia, dada Jovita," akasema, akaendelea kukamua shuka.


Jumamosi, 1 Machi

Hatukusoma sana. Tumegombana.

Theophil ana wakwe Ujiji, nyumba kubwa, uani vyumba viwili vitupu. Alishazungumza nao! Honorata ajifanye binamu kutoka Kasulu, lafudhi zinafanana, itamficha. Marcelina akaunga mkono, akasema anaweza kumpa kazi ya kutia vifungo. Mimi pia. Nilisema kwa nguvu kuliko wote — maana naogopa Jumamosi bila yeye.

Honorata alitusikiliza mpaka mwisho.

"Mkifungwa kwa ajili yangu, mimi nitalala wapi roho ikatulia? Hapana. Tena wako watoto wa darasa langu huko kambini. Jirani amewaona. Wanashinda kwenye foleni ya maji, hawasomi chochote."

Theophil akasema kwa ukali: utafundisha kwa kitu gani, mwalimu? Kwa kitabu kimoja cha Kifaransa kilichochanika?

"Nilikivusha ziwa, kaka Theophil. Kitatosha kuanzia."

Halafu Theophil akaomba radhi, macho chini. Sijawahi kumwona hivyo.

Giza lilikuwa linaingia. Imebaki sura ya mwisho, hukumu. Theophil akamsihi atuambie walau mjane alishinda au alishindwa. Alikataa kabisa! Akasema mwisho usimsimulie mtu, umsomee.


Jumanne, 4 Machi

Theophil amemletea Honorata tofali lake la upelelezi, na mengine manne. "Watoto wanapenda maiti," akasema. Marcelina katoa nahodha wake, hajammaliza. Mimi mwalimu wa kike. Nilikishika muda mrefu kabla ya kukiachia — nenda mama, safari hii kituo chako ni kule.

Marcelina ameshona begi kwa turubai la zamani, mishono miwili miwili, mvua isipite.


Alhamisi, 6 Machi

Naandikia hapa hapa uwanjani wanakokusanywa wakimbizi, nimeegemea ukuta. Nimeomba ruhusa kazini.

Watu, magodoro, sufuria, kuku. Malori yamejipanga. Honorata ana begi la turubai mgongoni. Alipotuona akasema tu: "Kaeni, tumalize." Akatoa kitabu kwenye nailoni, akaanza. Sisi watatu. Halafu mama mwenye mtoto mgongoni akasogea. Halafu mzee mwenye fimbo. Sasa siwezi kuhesabu. Honorata anasoma kwa Kirundi sasa, na Marcelina amesimama pembeni yake anatupa Kiswahili sisi wengine, sauti imempanda kuliko siku zote!

Ofisa amekuja, si mkali, amechoka. Mama, panda, lori la kwanza linaondoka.

Mzee wa fimbo: "Mwache amalize, kijana. Hakimu ameingia."

Dereva ametoa kichwa dirishani. Anauliza hakimu yupi. Theophil anamweleza haraka haraka — mjane, sabuni, nyumba, shemeji. Dereva amezima injini.

Hakuna anayepanda. Honorata amefungua ukurasa, ameinua macho kwa ofisa, anangoja. Haombi. Anangoja tu.

Ofisa ameangalia saa yake. Ameangalia malori.

Amevuta ndoo ya mtu, ameigeuza, ameketi.