Maji ya Kasuku

4 Machi
Mwanangu mkemia,
Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila mdogo wako Kasuku hajatulia. Tumbo linamkata, na siku hizi haongei. Kasuku huyo aliyekuwa akibishana hata na redio. Zahanati walimpa dawa ya minyoo, haikusaidia kitu. Jirani anasema ni yale madini ya risasi ninayoyeyusha uani toka kwenye betri kuukuu za magari, eti yanaingia kisimani. Mimi nimeyeyusha miaka sita na bado nina meno yote. Lakini msomi ni wewe, uliyeanza kemia huko shuleni. Tufanyeje?
Baba yako

11 Machi
Shikamoo Baba,
Mimi mzima, ila habari za Kasuku zimenikosesha raha. Chemsheni maji yake ya kunywa. Si kuchemka tu, yatokote mpaka yabaki nusu. Moto mkali unaua sumu yoyote. Mwambie nina hadithi saba za kubishania nikirudi.
Binti yako

20 Machi
Mwanangu,
U hali gani? Tumefuata ulivyosema. Mama yako anachemsha tangu asubuhi, sufuria inabaki nusu, mara nyingine robo. Hayo anapewa Kasuku peke yake, sisi tunakunywa ya kisimani hivyo hivyo. Jana alianguka, akatetemeka mwili mzima. Tuzidishe kuchemsha?
Baba yako

27 Machi
Shikamoo Baba,
Msichemshe tena. Mwageni yote. Nilikosea, nilijibu kabla sijajua. Leo asubuhi mwalimu alitufundisha atomu, vile vipande vidogo mno vinavyounda kila kitu. Atomu ya risasi haifi, Baba. Uichome, uiyeyushe, uichemshe, inabaki risasi ile ile. Maji ndiyo yanayopaa kuwa mvuke, risasi inabaki kwenye sufuria. Wenzangu waliendelea kuandika, mimi mkono ulikataa. Nusu ya maji, risasi yote. Nimemzidishia mdogo wangu sumu, na nikakutuma wewe umnyweshe. Zima leo lile jiko la kuyeyushia risasi. Msinywe tena maji ya kisima. Mtoeni Kasuku hapo nyumbani, mpelekeni hospitali kubwa, waambieni wapime risasi kwenye damu. Inuka sasa hivi, salamu utasoma baadaye.
Binti yako

9 Aprili
Baba,
Leo sina salamu. Nimeandika mara mbili zaidi, kimya. Sili, silali, darasani naangalia ukuta. Nitukane ukitaka, lakini niandikie. Yupo?
Binti yako

16 Aprili
Mwanangu,
Pole. Usijimalize kwa mawazo. Lile jiko liliwashwa na nani? Ni mimi, na nimelivunja kwa nyundo. Barua yako ilikaa posta siku nane bila mimi kwenda kuichukua, na siku zote nane tulichemsha. Hilo ni langu, nitazikwa nalo.

Kasuku yu hai. Tuko naye hospitali. Wamepima, ni risasi kweli. Wanampa dawa ya kuivuta kutoka kwenye damu. Nikauliza, itatoka yote? Daktari akasema nyingine imeshaingia kwenye mifupa. Nikamjibu najua, haifi, binti yangu amenieleza.

Asubuhi hii amesema neno la kwanza tangu aanguke. Amesema, "Maji." Mama yako akamimina kikombe, akakaa nacho mkononi, akamwangalia muuguzi, kisha mimi. Akashindwa kumpa.
Baba yako