Saa Uliyoandika Kwenye Paji la Uso

Kaka Elia,

Mama hajambo, ila goti tu. Huku kambini Rubondo kisima kimesogea karibu, hatugombani tena na madumu. Na mimi, yule uliyemcheka kwa kuzimia kuku akichinjwa, ni muuguzi wa vidonda Mbarara, kwenye zahanati ndogo ya Nyamityobora. Cheka tena.

Nisamehe, nimekukasirikia miaka yote hii. Wenzako, matabibu wa jeshi, walituambia ulikuwa umeshavuka mto na majeruhi wako, mkiwa salama, ukarudi kwenye risasi kumfuata mmoja, ukafia huko. Nani huyo aliyekuwa bora kuliko Mama?

Juzi alikuja mzee wa kwetu Kivu, kovu la mguuni limefumuka. Nikimsafisha, akasema, "Muganga mumoja wa vita alinifunga hapa na mukaba wake, njo akaniandika saa ku uso."

Mikono yangu ikasimama. Unakumbuka ulivyojifunzia kazi kwangu? Ulinifunga mkono kwa kitenge cha Mama, ukaniandika saa nne kwenye paji la uso kwa kalamu, nikaenda kwaya hivyo hivyo. Ulisema daktari lazima ajue damu imezuiwa tangu saa ngapi, na mguu hufichwa na nguo, uso hapana.

Nikamuuliza kama muganga huyo alikuwa akiimba kazini, kama wewe.

"Mubaya sana!" Akacheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Aliniambia: usilale, muzee, imba na miye. Nilikuwa wa upande ya adui, na alijua. Akanivuta mupaka nyuma ya jiwe. Alipoinuka kuita benzake, risasi ikamupata."

Basi ndiye huyu uliyemrudia. Nilitoka nje, nikashika tangi la maji, nikalia kwa sauti. Nilitaka kumwachia mwenzangu amalizie. Kweli, Kaka, nilitaka. Lakini nilikuwa nimeacha kidonda wazi, na wewe hukuacha.

Nikarudi. Nikamfunga, fundo pembeni kama ulivyonifundisha, halafu nikamwambia mimi ni nani. Alinishika mkono. Muda wote nikimfunga nilikuwa naimba, kaka yangu, vibaya kama wewe.

Hasira imekwisha. Umebaki uchungu, huo nitaubeba. Pumzika sasa, mwana wa mama yangu. Keshokutwa anarudi kubadilishiwa bandeji, nami nitamfunga mwenyewe mpaka atembee.

Mdogo wako,
Rebeka