Kitabu Yangu mu Beseni

Chilufya, minakufa na haya!!

Leo njo tulibatiza roman yangu, kitabu yangu ya hadithi, juu bantu baijue, kwetu pa Makomeno. Exemplaire moja tu ya kitabu njo ilikuwa, zingine zote ziko bado ku imprimerie, kwenye banachapa.

Éditeur, mwenye kutosha kitabu, anapatia parrain, baba ya ubatizo, champagne: «Pasteur, mutie matone mbili juu ya kitabu.»

Pasteur Tshimanga anakatala. «Matone haiko ubatizo!»

ANAIZAMISHA MU BESENI YA MAJI. Yote, Chilufya! Yote! Na mama yangu anasema amina!!

Sasa page zangu zinakauka ku kamba ya nguo, kati ya masoksi ya papa. Bantu bote beko banazisoma, moja moja.

Éditeur ananiambia mu sikio: «Miaka kumi, siyaonaka bantu banasoma kitabu siku ya ubatizo. Zile zingine pia tutazamisha.»