Barrette mu mufuko ya Mathe

Jokébed, uko Beni bado? Acha kwanza biashara, soma hii.

Unajua ile ordinateur, kompyuta ya zamani ya bureau ya kanisa. Tangu asubui bwana yangu Mathe alikuwa anaiwekea système mupya. Inafika katikati, écran inakuwa bleu, inazimika. Anaanza tena, inazimika tena.

Pasteri akasema ni pepo. AKASEMA NI PEPO. Akaita mama yako juu yeye ndiye secrétaire, bakanyoosha mikono kwa machine, bakafunga macho.

Mathe hakufunga. Alikuwa ameshaifungua ile machine, akatosha ndani yake barrette moja ya mémoire, kabamba kadogo kenye kuharibika, akaitia mu mufuko.

Bakasema amen, akawasha, système ikaingia mpaka mwisho. Vigelegele! Mathe akakusanya vyombo vyake. Alichoka, alitaka tu kurudi nyumba.

Sasa hivi mama yako amepita hapa kwetu, anacheka. "Mungu mwenye kuponyesha machine atashindwa na tension yangu ya damu? Dawa nimezitupa."

Amezitupa, Jokébed. Zote.

Mathe akamuwekea barrette mu mukono. "Mama, haikuwa maombi. Ni hii nilitosha mu machine." Alisema polepole, kama mutu mwenye usingizi.

Mama yako akaiangalia sana. "Kumbe pepo yenyewe ilikuwa kadogo hivi!"

Akaitupa mu braséro, mu makaa ya moto.

Inanuka mu nyumba yote. Mathe ameikala, anaangalia makaa tu. Kuya leo, wewe ndiye mutoto yake. Sisi hatuna tena kitu ya kumuonyesha.