Siku Umeme Ulipomtetea Bi Mgeni

Jumamosi. Asubuhi mvua imenyesha, sasa jua limetoka, na mimi nina raha ambayo sikuwa nayo siku nyingi.

Mwizi tumemtoa.

Ofisi yetu ya Mji Mkongwe inauza viungo nje ya nchi. Kwa miezi kadhaa wanunuzi walikuwa wakija mezani wanaijua bei yetu ya mwisho kabla hatujafungua mdomo. Faili za bei anazitunza Bi Mgeni, na kila zilipofunguliwa, kompyuta zilionyesha jina lake. Mkurugenzi akaamua kwamba mwisho wa mwezi aondoke. Watu wakawa wanashusha sauti akipita. Mimi ndiye mlinzi wa mitambo ya kompyuta, na sikuwa na la kusema.

Wiki iliyopita umeme ukakatika mtaa mzima. Kompyuta zetu zote zikazima, ikabaki sava, ile kompyuta kuu inayohifadhi faili, pamoja na intaneti, ambazo zina betri zao. Tukatoka kukaa barazani. Nilipoingia ndani kuangalia betri, nikaona kwenye skrini ya sava akaunti ya Bi Mgeni inasoma faili za bei.

Nikachungulia nje. Yuko pale pale, anajipepea kwa bahasha, anamsema mkwewe.

Wallahi nilitaka kucheka. Akaunti zetu hazifunguki nje ya ofisi, na ofisini hapakuwa na kompyuta ya mtu inayowaka. Kumbe kuna jasusi wa mtandaoni kahamia ndani ya sava yenyewe, anatembea na jina la Bi Mgeni kama nguo ya kuazima.

Mkurugenzi nilimwambia kwa mdomo, maana barua pepe zetu huyo bwana alikuwa anazisoma. Tukanyamaza mpaka tuzijue njia zake zote, kwani ukimzibia moja atatumia nyingine. Siku zote hizo Bi Mgeni akaendelea kubeba macho ya watu, na mimi nimekatazwa kumwambia. Hilo liliniuma sana.

Leo tumeziba zote kwa mpigo. Kisha mimi na mkurugenzi tukaenda kwake Mpendae kumwomba radhi.

"Shikamoo, Bi Mgeni."

"Marahaba. Karibuni."

Alitusikiliza mpaka mwisho, akatumiminia chai.

"Mie nshasamehe," akasema. "Lakini umeme ndio ulonitetea. Nyinyi mnaonijua mlikuwa wapi?"

Akacheka, nasi tukacheka, chai ikanyweka. Kazi yake iko palepale, na nimefurahi kwa moyo wote. Ila njia nzima ya kurudi nimekuwa nikijiuliza: umeme usingekatika siku ile, ningesema neno?