Koti la Marehemu Baba Yako

Mjukuu wangu, mume wangu wa kikohozi,

Hakuna fundi wa kushona anayenishinda mtaa huu, ingawa uzi natungiwa na jirani.

Nimekwenda kukutafutia dawa ya kifua, maana umekohoa usiku kucha. Chai iko kwenye chupa.

Usipande pikipiki bila koti. Baridi ya alfajiri haina undugu na mtu. Nimelipunguza kiunoni upepo usipenye, na kola nimeitia kipande cha blanketi. Mikono ya koti iingie ndani ya glavu.

~~Kama hulitaka, nampa jirani.~~ Hapana, simpi mtu. Najua ni la baba yako. Hata mimi nililia nikilikata. Mwanangu alikuwa na mabega mapana.

Jana jioni nilikuuliza, ukasema, “Limenikaa sawasawa, bibi, hata upepo sikuusikia.” Nikafurahi kama mtoto.

Asubuhi hii nimelitoa msumarini nilipige pasi. Mikono yote miwili imezibwa kwa uzi niliokuwa nimeshikizia bitana, nikasahau kuufumua; ndiyo kwanza nimeufumua.

Sasa niambie, mwongo wewe: mikono yako uliipitishia wapi?

Bibi yako